Kabla Koo Halijaanza Kuuma: Niliyojifunza Kuhusu Lishe ya Mgonjwa wa Mionzi

Wiki ya kwanza ya mionzi, wagonjwa wengi huingia chumbani kwangu wakiwa hawana shida yoyote ya kula. Wameambiwa wapite kwa mtaalamu wa lishe, basi wanapita kwa heshima tu, na wengi husema jambo lilelile: "Mimi nakula vizuri, dada. Wahudumie kwanza wenye matatizo." Wanasema kweli. Mionzi yenyewe haiumi. Mtu hulala chini ya mashine dakika chache, akashuka, akavaa shati lake na kuondoka. Dozi ya kwanza haimwachii alama, ya tano pia. Lakini wiki hiyo ndiyo ninayoing'ang'ania kuliko zote. Kwa mwenye saratani ya mdomo, koo, umio au viungo vya nyonga, mengi tutakayoyaweza na tutakayoyashindwa mwezi unaofuata yanaamuliwa sasa, akiwa bado anatafuna bila kukunja uso.

Matatizo ya mionzi yana ratiba, na ratiba hiyo inajulikana. Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo mara nyingi hupangiwa jumla ya grei 70 hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi): grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 7. Utando wa ndani ya mdomo na koo hutengenezwa na seli zinazokufa na kuzaliwa upya haraka, na mionzi huzidhuru zaidi zile zinazogawanyika. Kwa siku za mwanzo seli zilizopo huendelea kufunika pengo. Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 pengo linaonekana: utando unakuwa mwekundu, unachubuka, vidonda vinatoka, mate yanapungua na yanayobaki yanakuwa mazito ya kunata. Ladha inapotea au inageuka, nyama inakuwa na ladha ya chuma, maji yenyewe yanakuwa machungu. Hali huzidi wiki hadi wiki. Mgonjwa aliyeanza kupoteza kilo kabla ya hapo anaingia kwenye kipindi kigumu akiwa hana akiba.

Kwa hiyo siku ya kwanza napima uzito, kisha nauliza uzito wa zamani. Wachache wanaukumbuka kwa tarakimu. Nikiuliza kuhusu mkanda, wote wanajibu. Baba mmoja alinivulia mkanda wake akauweka mezani: tundu moja lililopanuka kwa kutumika miaka na miaka, na mbele yake matundu mawili mapya, hayakukaa sawasawa, aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Kwenye faili lake palikuwa na kurasa nyingi kuhusu uvimbe na hakuna mstari hata mmoja kuhusu kupungua. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au zaidi ya asilimia 10 kwa miezi sita, bila mtu mwenyewe kukusudia, ni dalili ya hatari hata kabla ya dozi ya kwanza. Na asilimia 5 si kubwa kama inavyosikika. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 3 na nusu.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wanene, maana hakuna anayewahofia. Mtu wa kilo 100 akipoteza kilo 9 katikati ya matibabu, jamaa wanampongeza, wengine wanamwambia amependeza. Mizani haisemi kilichopungua ni nini. Mgonjwa asiyekula vya kutosha, aliyelala sehemu kubwa ya siku, mwenye ugonjwa unaouchosha mwili, anapoteza misuli, na misuli ndiyo inayomwinua kitini, inayomwezesha kukohoa kohozi likatoka, inayomeza. Nimejifunza kutazama mikono na mapaja, na kumwomba mtu ainuke kitini bila kushika kitu. Mtu mwenye tumbo kubwa na mapaja yaliyokonda ana utapiamlo, hata kama nguo zake bado zinambana.

Hesabu ninayoitumia ni ile ya miongozo ya wataalamu wa lishe tiba wa Ulaya: kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilokalori 1,500 hadi 1,800 na protini gramu 60 hadi 90. Tarakimu hizi peke yake hazimsaidii mke anayepika. Zinamsaidia nikimwambia kwamba yai moja lina protini gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, na kijiko kikubwa cha mafuta kina kilokalori zipatazo 120 na hakijazi tumbo. Hapo anaanza kuhesabu mwenyewe. Namwachia karatasi, kalamu na kikombe cha kupimia, na wiki inayofuata ananiletea maandishi yake. Maandishi hayo yamenifundisha mengi kuliko fomu zetu. Mama mmoja aliandika "asubuhi: uji kikombe", nikamwomba anichoree kikombe chenyewe. Kilikuwa kikombe kidogo cha kahawa.

Sasa jambo ambalo limebadilisha kazi yangu kuliko lolote. Mgonjwa wa mionzi asile kwa kufuata hamu. Ale kwa saa. Hamu ndiyo inayoondoka mapema, na familia inayongoja irudi inaweza kungoja mpaka wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho, wakati huo kilo 8 zimekwenda. Nawaambia chakula kiwe kama dawa: saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, na kabla ya kulala. Milo sita midogo. Kikombe kimoja kwa mlo, siyo sahani. Mtu akiona sahani iliyojaa anashiba kwa macho. Akipewa nusu kikombe anaona jambo linalowezekana, akimaliza anaongezewa, asipomaliza basi baada ya saa mbili au tatu kuna kingine.

Na tafadhali, usimuulize mgonjwa "unataka kula nini?" Swali hili linaonekana la upendo na ndilo linaloanzisha ugomvi. Hataki kitu. Kuulizwa kunamlazimu aseme hivyo, na akishasema, kila kijiko kinachofuata kinakuwa mashindano. Nimeshuhudia haya chumbani mwangu: binti ameshika bakuli, baba amegeuzia uso ukutani, binti analia, "Baba, kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu," na baba anajibu kwa sauti iliyokwaruzika, "Mwanangu, unafikiri sitaki?" Nilimwomba binti atoke kidogo. Baba akaniambia kwamba kinachomkera si chakula, ni kutazamwa anapokula. Tulikubaliana kikombe kiwekwe pembeni yake, saa iliyopangwa, na binti arudi baada ya nusu saa bila neno. Siku zilizofuata alimaliza vikombe vingi kuliko alivyowahi kumaliza akiwa amesimamiwa.

Wengi wakisikia "lishe bora" wanafikiria kuongeza chakula. Mgonjwa wa wiki ya 4 hawezi kuongezewa wingi. Kinachowezekana ni kuongeza uzito wa kile kile kidogo anachomeza. Uji uliopikwa kwa maji unapikwa kwa maziwa. Maziwa yanaongezwa maziwa ya unga, vijiko viwili au vitatu vikubwa kwa kikombe, yakakorogwa mpaka yasiwe na madonge. Mwishoni kijiko cha mafuta au siagi, au siagi ya karanga iliyolainishwa. Supu inasagwa pamoja na nyama yake, maharage yake au samaki wake, maana supu tupu, hata ikinukia vizuri namna gani, sehemu kubwa ni maji na chumvi. Hapa huwa nabishana kwa upole na akina mama wazima: supu ya mifupa waliyoichemsha tangu alfajiri wanaiamini kwa moyo wote, na mimi nawaomba wasiiache, ila wasage nyama ndani yake. Viazi vinapondwa kwa siagi na maziwa, parachichi linapondwa peke yake au na ndizi. Mayai yapikwe yaive kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaokoroga mayai mabichi kwenye maziwa wakiamini yana nguvu zaidi, na mgonjwa anayepewa pia dawa za kemikali kinga yake imeshuka. Vijidudu vya yai bichi vinaweza kumlaza wodini.

Chakula cha moto kinatoa harufu, na harufu huleta kichefuchefu. Chakula cha vuguvugu au cha baridi humezeka kwa urahisi zaidi kwa wengi. Mwenye ladha ya chuma mdomoni mpe kijiko cha plastiki au cha mbao. Mwenye vidonda aepuke limau, nyanya, pilipili, siki, na vyakula vikavu vinavyokwaruza, na pombe na tumbaku kabisa. Maziwa yakimwachia utando mzito kooni, asiyaache. Anywe maji kidogo baadaye na kusukutua.

Mwaka 2005 Paula Ravasco na wenzake nchini Ureno walichapisha utafiti uliowahusu wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa waliokuwa kwenye mionzi. Waliwagawa makundi matatu: wa kwanza walipewa ushauri wa mtu mmoja mmoja wakatumia vyakula vya kawaida, wa pili walipewa vinywaji vya lishe vyenye protini nyingi juu ya chakula chao, wa tatu waliendelea kula walivyozoea. Miezi mitatu baada ya matibabu ni kundi la ushauri lililodumisha ulaji wake na kuwa na madhara machache zaidi. Kundi la vinywaji lilikuwa limepanda wakati wa matibabu, kisha likarudi chini. Nauleta utafiti huu kila ninapoona familia inauza kitu ili inunue makopo. Vinywaji hivyo vina nafasi yake, hasa mtu anapobaki anaweza kumeza vimiminika tu, na mimi mwenyewe navitumia. Lakini mtu wa kukaa na mgonjwa, kuuliza anachokula na kukirekebisha kila wiki, ndiye anayeleta tofauti inayodumu, na hilo linawezekana hata mahali ambapo makopo hayapatikani.

Maumivu yanastahili sura yake peke yake. Nimekuta wagonjwa wengi walioitwa "wanaokataa kula" ambao ukweli wao ulikuwa kwamba kila tonge lilikuwa kama kumeza vigae. Bibi mmoja alikuwa na chupa ya mofini ya maji iliyojaa karibu yote. Alikuwa anaitunza. "Nimeiweka kwa ajili ya siku ya maumivu makali, mwanangu," aliniambia, na kwa upande mwingine aliogopa kwamba mofini ni dawa ya wanaokaribia kufa. Tulimwita daktari, akaketi naye, akamweleza kwamba dawa hiyo inayotolewa sasa ni ili aweze kumeza. Tulipanga anywe dozi yake kiasi cha nusu saa kabla ya mlo, chakula kimkute maumivu yameshuka. Jioni ya siku ya pili alikula bakuli la viazi vilivyopondwa. Mambo mawili huambatana na mofini: dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, maana kufunga choo kunaua hamu kuliko vidonda, na dawa ya kichefuchefu iwe karibu kwa siku za mwanzo.

Mdomo nao unahitaji kazi ya kila siku. Daktari wa meno amwone mgonjwa kabla ya mionzi ya kichwa na shingo kuanza, kwa sababu jino litakalong'olewa baadaye kwenye taya lililopigwa mionzi linaweza kuacha kidonda kisichopona na mfupa ukaoza. Mswaki laini. Kusukutua mara nyingi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kabla na baada ya kula, kamwe si kwa dawa za kusukutua zenye spiriti. Ukiona utando mweupe kwenye ulimi na mashavu kwa ndani, na mgonjwa anasema mdomo unawaka, mwonyeshe daktari siku hiyo. Mara nyingi ni fangasi, na dawa yake huleta nafuu ndani ya siku chache. Nimeona ulaji ukirudi kwa sababu ya dawa ya fangasi peke yake.

Kuna ushauri unaotoka kwa watu wema unaowaumiza wagonjwa, nao ni huu: "Acha sukari, saratani inakula sukari." Kisha inafuata nyama nyekundu, maziwa, wanga. Kijana mmoja mwenye saratani nyuma ya pua alinijia wiki ya 3 akiishi kwa mboga zilizochemshwa na maji ya matunda, amekonda mabega. Dada yake aliyekuwa amesoma sana alikuwa amempangia hivyo kwa mapenzi. Sikumdharau. Wazo hilo lina mzizi wa kweli: miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi kuliko seli za kawaida. Kinachosahaulika ni kwamba seli zote za mwili hutumia glukosi, na mgonjwa asipoila mwili wake unaitengeneza, kwa kubomoa protini ya misuli. Kumnyima chakula hakuufanyi uvimbe ulale njaa; anayekonda ni mwenye uvimbe. Nilimchorea yule dada mishale miwili kwenye karatasi, mmoja kutoka kwenye sahani na mwingine kutoka kwenye misuli, yote ikielekea kwenye damu. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Basi nimpikie nini leo jioni?" Mwenye kisukari ni habari nyingine, huyo anahitaji mpango wake na vipimo vya damu, lakini naye hapaswi kukonda.

Upande wa pili wa ushauri huo ni vidonge. Vitamini za dozi kubwa, unga wa mizizi, mafuta ya mbegu fulani. Kanada walifanya jaribio kwa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo, baadhi wakipewa vitamini E na beta-karotini (asili ya vitamini A) wakati wa mionzi na wengine vidonge visivyo na dawa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Madhara ya muda mfupi yalipungua kwa waliopata vyote viwili, lakini kurudi kwa saratani mahali pale pale kulielekea kuwa kwingi zaidi. Mionzi hufanya sehemu ya kazi yake kwa kuzalisha kemikali zinazoharibu seli za saratani, na vidonge vya kuzuia kemikali hizo huenda vikazikinga seli zilezile tunazotaka zife. Matunda na mboga kwenye chakula hayana tatizo hili. Namwomba kila mgonjwa aniletee kila chupa anayotumia, bila aibu, na sijawahi kumgombeza yeyote, maana ukimgombeza mara moja chupa inayofuata hutaiona.

Kwenye mionzi ya nyonga, kwa mfano saratani ya mlango wa kizazi, shida inabadilika. Koo ni zima, tumbo ndilo linaloharisha, kwa kawaida kuanzia wiki ya 2 au ya 3. Hapa ushauri wa kawaida wa afya unageuzwa kwa muda: nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga za majani na matunda yenye maganda vinapunguzwa, wali mweupe, ndizi mbivu, viazi, mayai na samaki vinachukua nafasi. Maziwa yakizidisha gesi na kuharisha yanapunguzwa. Mtindi mara nyingi unakubalika. Mama mmoja aliacha kunywa maji tangu jioni hadi anaporudi kutoka kwenye mashine kwa sababu aliogopa kujichafua njiani. Alikuja amekauka midomo, kizunguzungu kimemshika, na wiki hizo alitakiwa awe na kibofu kilichojaa wakati wa mionzi ili utumbo usukumwe mbali na miale. Hakuwa amemwambia mtu. Mpaka muuguzi mwanamke alipofunga mlango na kumuuliza waziwazi, "Mama, unaharisha mara ngapi?" ndipo aliposema. Alipewa dawa ya kupunguza kuharisha, ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), na pedi kubwa za kuvaa. Pedi ndizo zilizomrudishia maji. Tangu hapo nauliza kuhusu choo na safari kabla sijauliza kuhusu chakula.

Wataalamu wanaoendesha mashine ni marafiki wakubwa wa lishe, ingawa hawahesabiwi hivyo. Mgonjwa wa kichwa na shingo hufungwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake ili asisogee hata milimita chache. Akikonda, barakoa inalegea. Wao huona pengo kwenye shavu kabla mimi sijaona chochote, na pengo likikua inabidi mpango mzima upimwe na kuchorwa upya, kwa sababu miale iliyolenga uvimbe sasa inaweza kugonga uti wa mgongo au tezi za mate. Tumekubaliana waniite wakiona tu kidole kinapita. Na kuna jambo kubwa zaidi: mgonjwa dhaifu hukatizwa matibabu. Kwa saratani za kichwa na shingo, na za mlango wa kizazi, kila siku inayoongezeka juu ya muda uliopangwa hupunguza uwezekano wa kuidhibiti saratani kwa takriban asilimia 1. Kwa hiyo kikombe cha uji wa saa tisa ni sehemu ya dozi. Nasema hivyo kwa wagonjwa, na nasema hivyo kwa madaktari.

Siyo kila mgonjwa wa mionzi anahitaji haya yote. Mwenye saratani ya titi kwa kawaida anakula kama alivyozoea hadi mwisho, na tatizo lake linaweza kuwa kuongezeka uzito. Huyo namtakia chakula cha kawaida chenye mchanganyiko, nampa namba yangu, nampisha aende kupumzika. Uchovu peke yake unatosha.

Mpira wa kulishia unaogopwa kuliko mionzi. Wagonjwa wanausikia kama hukumu ya mwisho, na wapo wanaouficha ugumu wa kumeza ili usitajwe. Ndiyo maana nautaja mapema, wiki ya kwanza, bila haraka, nauonyesha kwa mkono: mwembamba, laini, unapita puani hadi tumboni, au kwa watakaouhitaji kwa miezi unapitishwa kwenye ukuta wa tumbo. Nawaunganisha na aliyewahi kuutumia ukatolewa. Dalili ninazomwomba msaidizi wa nyumbani anijulishe siku hiyohiyo ni kukohoa kila anapokunywa maji, sauti inayosikika kama ina maji kooni baada ya kumeza, homa, na siku nzima ambayo vikombe havikufika nusu ya vilivyopangwa. Kukohoa kunaweza kumaanisha maji yanaingia mapafuni, na hapo mtaalamu wa kumeza anahitajika kabla ya kujaribu chakula kingine. Aliyekaa siku tano au zaidi bila chakula cha maana asilishwe ghafla kwa wingi, hata kama sote tuna shauku. Madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, yanaweza kushuka kwa kasi na moyo ukayumba. Tunaanza kidogo, hospitalini, damu ikipimwa.

Na mwenye mpira aendelee kumeza. Hata vijiko vichache vya maji au mtindi kwa siku, pamoja na mazoezi aliyofundishwa ya ulimi na koo, mradi mtaalamu amethibitisha kuwa anameza salama. Misuli ya koo iliyopumzishwa wiki nyingi inakakamaa, na wapo waliopona saratani wakabaki hawawezi kumeza.

Dozi ya mwisho inaleta furaha, na furaha hiyo ina hatari yake. Familia inashukuru, wageni wanaondoka, ratiba ya vikombe inasahaulika, na hizo ndizo wiki mbili mbaya kuliko zote kwa koo, maana athari ya mionzi inaendelea kupanda baada ya mashine kunyamaza. Kwa hiyo naandika tarehe ya kupima uzito kabla mgonjwa hajatoka: wiki moja baadaye, kisha wiki mbili, mizani ileile, bila viatu, na naangalia miguu kama imevimba, kwa sababu maji yanaweza kuongeza kilo za uongo. Vidonda hufunga ndani ya wiki kadhaa. Ladha hurudi polepole kwa miezi, kwa kawaida si yote kwa pamoja, na wengine mate yao hayarudi kama zamani, hao watatembea na chupa ya maji na kupenda vyakula vyenye mchuzi maisha yao yote. Mpira nao hautolewi siku mgonjwa anapomeza uji kwa mara ya kwanza. Tunapunguza kinachopita kwenye mpira mlo mmoja baada ya mwingine, tunapima uzito kila wiki, na ukisimama palepale kwa wiki mbili au zaidi huku anakula kwa mdomo peke yake, ndipo namwandikia daktari autoe.